Mtambo Mchanga wa Zahanati ya Mkengeni

Ipo nchi moja, haijapotea wala haina nia ya kupotea, ambayo jina lake halitatajwa hapa. Si kwa woga. Kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa siku za sikukuu tu, ambazo ni siku za mapumziko. Inatosha kujua kwamba ni nchi ya amani, yenye mvua nyingi kwenye taarifa, na watu wake wana adabu kiasi kwamba hata mwizi akikuta mlango wazi hupiga hodi kwanza.

Katika nchi hiyo aliishi Sikudhani, mama wa mtoto mmoja, mwajiriwa wa Zahanati ya Mkengeni. Barua yake ya kazi ilimtaja kuwa Karani Msaidizi wa Muda wa Kudumu. Kazi aliipata kwa cheti cha madarasa ya jioni, ambako alisoma kompyuta miaka miwili, mtoto mgongoni, na mwalimu wake alizoea kusema kwamba mwanafunzi mtulivu kuliko wote ni huyo wa mgongoni.

Miaka ile Serikali ilikuwa imenunua kompyuta, moja kwa kila ofisi, na kila moja ikaunganishwa na waya wa simu. Ndani ya kila mtambo mlikuwa na ubao wa matangazo, kama ule unaotundikwa nje ya ofisi ya kata, ila huu haukuliwa na mchwa. Aliyetaka faili lililo ofisi nyingine alipachika ombi kwenye ubao wa ofisini kwake: nataka faili fulani, liko mahali fulani. Ikifika saa saba mchana, wakubwa wote wamekwenda kula na simu zao zimepata nafasi ya kupumua, mtambo ulimpigia mwenzake. Ulisikika mlio kama wa paka aliyekanyagwa mkia, mitambo miwili ikatambuana, ombi likasomwa, na faili likaja lenyewe ndani ya waya, bila nauli na bila vumbi. Sikudhani ndiye aliyekuwa msimamizi wa ubao wa Mkengeni, na kila saa saba alisimama kando ya mtambo wake kama mtu anayengoja uji usifurike.

Kwa miezi minne mambo yalikwenda vizuri, jambo lililowatia watu wengi wasiwasi.

Wasiwasi huo ulikwisha siku Waziri wa Mawasiliano na Heshima, Mheshimiwa Bwanaheri Kitwana, alipoahirisha chakula chake cha mchana ili aone mitambo ikifanya kazi. Alisimama mbele ya mtambo wa Wizara, mikono nyuma. Saa saba ikagonga, paka akalia, na kwenye kioo yakatokea maneno kutoka zahanati moja iliyo mbali kupita mwisho wa lami: TUMA FAILI LA DAWA ZA MINYOO.

Mheshimiwa alitafuta kiti. Aliuliza ni nani huyo anayesema tuma. Fundi akamweleza kwamba ni mtambo wa Zahanati ya Mkengeni. Akauliza una umri gani. Akaambiwa miezi minne. Mheshimiwa akaomba maji.

Jioni ile alilihutubia taifa redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa. "Leo nimeshuhudia kwa macho yangu haya mawili, ambayo ni mali ya umma, mtoto wa miezi minne akimpigia simu mtu mzima na kumwambia tuma. Hakubisha hodi. Hakumjulia hali. Tumenunua mitambo, ndugu zangu, lakini tumesahau kuilea."

Asubuhi ukatoka Waraka Namba Moja wa Adabu za Mitambo. Nyaraka zote za nchi hiyo ni Namba Moja, kwa kuwa hakuna waziri anayekubali kutoa ya pili. Waraka uliagiza kwamba kila mtambo uwe na umri unaolingana na hadhi ya ofisi yake. Mtambo uliofika miaka sitini ni mzee, na mzee haanzi kusalimia, hungoja asalimiwe. Mtambo ambao haujafika sitini uanze kwa shikamoo, ila ukikutana na mdogo wake uitikie marahaba. Baada ya salamu, na si kabla, mdogo anaweza kuomba na mkubwa anaweza kutuma, kama ilivyo majumbani kwa watu waliolelewa. Bila shikamoo na marahaba faili lisisogee hata ukurasa. Mafundi wakaifunza mitambo hivyo hivyo, na mitambo, tofauti na wananchi, ikashika somo mara ya kwanza.

Kila ofisi ikapewa fomu ijaze umri wake yenyewe.

Kufikia alasiri hapakuwa na kijana hata mmoja katika mitambo ya taifa zima. Wizara ya Fedha iliandika miaka tisini. Idara ya Mifugo ikasikia, ikaandika tisini na tano, ikieleza pembeni kwamba ng'ombe walikuwapo kabla ya noti. Idara ya Mambo ya Kale iliandika elfu nne na kuambatanisha kigae cha chungu kama ushahidi. Pale Mkengeni fomu ilijazwa na mganga mfawidhi, Mzee Ngwali, mtu mwema ambaye aliogopa dharau kuliko kipindupindu. Aliandika sitini na mbili. Ile miwili ya juu, alisema, ni ya kujihami.

Siku ya pili, saa saba mchana, mitambo ikapigiana simu. Ikapokea. Ikanyamaza.

Kila mmoja ulikuwa mzee, na kila mzee alikuwa akingoja salamu yake. Ungeweka sikio kwenye waya ungesikia wazee wawili wakipumua. Saa nane wakubwa wakarudi kutoka kula, wakanyanyua simu zao, na wazee wakakatwa bila kuagana.

Miezi kumi na moja ikapita namna hiyo. Wizara ilitoa taarifa kwamba malalamiko ya kelele kwenye laini za simu yamekwisha kabisa na kwamba nidhamu ya mitambo imefikia asilimia mia moja. Mheshimiwa Kitwana alitunukiwa nishani na kamati aliyoiteua kwa kazi hiyo.

Sikudhani hakuwa na ugomvi na Waraka. Alifikiri wakubwa wana sababu zao, na kama hazionekani ni kwa kuwa zimewekwa juu. Kilichomkosesha raha ni kwamba ombi la dawa za minyoo lilikuwa lake, alilipachika yeye kwa vidole vyake, na hakupata kumwambia mtu.

Halafu wakaja madaktari wa masikio.

Binti yake, Riziki, alikuwa na miaka sita. Alipokuwa na minne, walipokuwa bado wakiishi jimbo la Mtoni, aliugua homa iliyokwenda na sehemu kubwa ya usikivu wake. Maneno alibaki nayo, lakini ya wenzake yalimfikia kama yametoka chini ya maji. Hospitali ya Jimbo la Mtoni ilimpima, ikafungua faili, kisha kazi ikamhamisha mama yake huku Mkengeni na faili likabaki kule. Mwalimu mkuu wa shule ya Mkengeni alimpenda mtoto, akasema atampokea darasa la kwanza siku atakayosikia kengele.

Kila asubuhi Riziki alikwenda na mama yake zahanati, na kila asubuhi alimsalimia Mzee Ngwali. "Shikamoo, babu." Mzee akaitikia marahaba. Lakini kwa kuwa hakulisikia jibu, na kwa kuwa amelelewa, mtoto alirudia. "Shikamoo, babu." Marahaba. "Shikamoo, babu." Mzee Ngwali alijifunza kuitikia mara tatu, kila moja kubwa kuliko ya kabla yake, na ya mwisho aliisindikiza na kichwa, akikiinamisha kama jogoo anayedonoa, ndipo mtoto akatabasamu na kwenda zake kucheza.

Madaktari wageni walikuwa wapole. Walikuja hospitali ya wilaya kwa siku kumi, na sanduku la vifaa vya kusikilizia, vidogo kama punje ya kunde, vya bure kwa watoto. Sikudhani alipanga foleni siku mbili. Alipofika mezani, karani wa wilaya aliyewekwa pale kuwasaidia wageni wasifanye kazi haraka mno aliomba faili la kipimo cha kwanza.

"Si mumpime sasa?" Sikudhani alisema. "Yuko hapa, masikio yake yako hapa."

"Mama, utaratibu unasema kipimo cha sasa hakitambuliki bila cha awali. Sasa tutajuaje kama hasikii zaidi, au hasikii kidogo, au hasikii vilevile?"

Mtoni ilikuwa safari ya siku sita, kwenda tu. Siku zilizobaki zilikuwa nane.

Siku ya tatu Sikudhani alipachika ombi kwenye ubao, akijua, kama mtu anayetupa mbegu juu ya bati. Saa saba mtambo wake ukapiga Mtoni. Mtoni ukapokea. Wakapumua. Hapo akachukua simu ya kawaida, akamtafuta msimamizi wa ubao wa kule, Bwana Zakaria, ambaye hakuwa amewahi kumwona ila alimjua kwa mlio wa mtambo wake.

"Dada, faili lako nalitazama hapa," Zakaria alisema. "Riziki, miaka minne, kurasa nne. Liko mbele ya pua yangu."

"Basi nitumie, kaka."

"Mtambo wangu hautoi mpaka usalimiwe."

"Basi wako usalimie kwanza. Mmoja akishuka, mwenzake anaitikia."

Zakaria akasema, kwa aibu, kwamba mtambo wa Mtoni una miaka mia na miwili. Mganga mkuu wa jimbo aliuandika hivyo ili kumzidi afisa elimu, aliyeandika mia na mmoja. Sikudhani akamwomba amsomee yale maandishi kwa simu, ayanukuu. Zakaria akamjibu kwamba angemsomea hata mara kumi, lakini hilo lingekuwa faili la mdomo, na je, karani wa wilaya anapokea faili la mdomo?

Hapokei. Kabla ya kukata, Zakaria alisema kitu kilichobaki kichwani mwa Sikudhani kama wimbo. "Dada, nchi nzima hii haina mtoto. Angekuwapo mtambo mmoja tu mtoto, angechukua kila kitu."

Siku ya nne alfajiri alikuwa mlangoni pa Ofisi ya Umri wa Mitambo, mjini wilayani. Karani wa pale alikuwa na miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kukatalia. Alivaa ya kwanza.

"Nimekuja kupunguza umri wa mtambo wa zahanati yetu."

"Kuongeza," karani alimsahihisha.

"Kupunguza, baba."

Karani akawaita wenzake waje kumwona. Walimtazama kwa huruma, kama mtu aliyekuja kulipia kosa ambalo hakushtakiwa. Nyuma yao ukuta mzima ulijaa Fomu za Kuongeza Umri, mafungu kwa mafungu hadi darini. Fomu ya kupunguza haikuwapo, na karani, akibadilisha miwani, alieleza kwa upole sababu yake: umri haupungui. Ameona wapi mtu aliyelala na sitini akaamka na hamsini?

Sikudhani alifikiri. Kisha akauliza, kama umri haupungui, je, kuzaliwa kunaruhusiwa?

Kwa hilo hawakuwa na jibu, na katika ofisi ya serikali jambo lisilo na jibu hutafutiwa fomu. Walichakura. Chini kabisa, ikiwa imewekwa kutegemeza mguu wa meza uliokuwa mfupi, wakaitoa Fomu ya Mtambo Mchanga, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiomba. Aliyeitunga alikuwa na haraka, akanakili ile ya vizazi vya watu bila kugusa neno. Ilitaka jina la mtoto, jina la mama, uzito, saini ya mkunga aliyezalisha, na ridhaa ya mkuu wa kaya, ambaye baada ya mjadala walikubaliana kwamba ni mganga mfawidhi.

Mzee Ngwali aliisoma fomu mara mbili, akaiweka chini kama kitu kinachonuka.

"Mwanangu, sitini na mbili yangu niliipigania," alisema. "Wewe unataka niamke kesho na kichanga? Kila ofisi itatucheka. Bwana mifugo atasema nini?"

Sikudhani alimweleza habari ya kurasa nne na siku zilizobaki. Mzee akasikiliza, akasikitika kwa dhati, akasema hakuna anayempenda Riziki kumzidi yeye, lakini heshima ya zahanati si yake peke yake, ni ya wagonjwa pia. Mgonjwa anajisikiaje kutibiwa mahali ambapo mtambo haujaota meno? Angefikiria. Labda baada ya mwezi.

Bi Kazija, muuguzi mkuu, ambaye aliwazalisha nusu ya watu wa Mkengeni na kuwakemea wote, alikuwa akikunja mashuka pembeni. "Ngwali," alisema bila kuinua macho, "mimi nilikuzalia watoto wanne. Wote walitoka wachanga. Sikuona ukiona haya."

Hapo Riziki akaingia na mdoli wake wa magunzi. Kwa kuwa siku ile alikuwa bado hajamwona babu, alisimama wima.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

Mara ya tatu Mzee Ngwali hakuitikia. Alikuwa anamtazama mtoto. Riziki akasubiri, macho kwenye midomo yake, hakuiona ikisogea, akadhani amekosea. Akasogea hatua moja karibu na kurudia, taratibu zaidi, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. "Shikamoo, babu."

Mzee akaitikia kwa kichwa, sana, mpaka kofia ikaanguka. Kisha akaivuta fomu na kutia saini pasipo kuokota kofia.

Bi Kazija akajaza sehemu ya mkunga. Uzito aliupata kwa kuuweka mtambo kwenye mizani ya watoto: kilo kumi na moja na nusu. Aliandika kwamba mama na mtoto wanaendelea vizuri, na kwamba mtoto alilia mara tu alipochomekwa. Kwenye jina la mtoto Sikudhani aliandika Kitinda, kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa katika familia kubwa. Palipoandikwa jina la mama alisita kidogo, halafu akaandika la kwake.

Siku ya tano asubuhi fomu ikagongwa muhuri mjini, na saa saba mchana Kitinda alipiga Mtoni. Paka akalia. Sikudhani, Bi Kazija na Mzee Ngwali walisimama nyuma yake, na Riziki, ambaye hakusikia paka, aliwatazama wao.

SHIKAMOO, akaandika Kitinda.

Mtambo wa Mtoni haukuwa umesalimiwa miezi kumi na moja. Zakaria alisimulia baadaye kwamba taa zake zote ziliwaka pamoja. Kisha yakaja, herufi moja moja: MARAHABA. HUJAMBO MWANANGU. UNATAKA NINI.

Kurasa nne zilitoka zote, hata ile iliyokuwa na doa la chai. Sikudhani alizikunja akaziweka kifuani, si mfukoni.

Habari njema ina miguu. Bwana shamba alisikia, akaja mbio na ombi la orodha ya mbegu. Mwalimu mkuu akaja na ombi la matokeo ya mtihani, ambayo yalikuwa yamekwama tangu watahiniwa wakiwa hawajaota ndevu. Bwana mifugo alikuja mwisho, akipitia mlango wa nyuma. Kitinda alimsalimia kila mzee nchini, na kila mzee, kwa furaha ya kukumbukwa, alitoa alichoombwa. Idara ya Mambo ya Kale ilitoa hata ambacho haikuombwa.

Siku ya sita Sikudhani akamfikishia karani wa wilaya faili. Karani alilisoma, akalisifu, akaomba hati ya uthibitisho kwamba faili hili ni la Mtoni kweli, iliyotolewa na Mtoni.

"Nitaileta kesho," Sikudhani alisema. Alitembea kurudi nyumbani akiimba, kwa sababu hati ni ukurasa mmoja, na Kitinda anajua kuomba.

Jioni ile Mheshimiwa Kitwana alikuwa redioni tena. Alikuwa amearifiwa kwamba zahanati moja, hiyohiyo ya minyoo, inapata mafaili kuliko Wizara yake, na siri yake ni uchanga.

"Ndugu wananchi," alisema, "kuna watu walioipotosha nchi hii kwa kuizeesha. Sitawataja. Utoto ndio nguvu. Ni nani kati yetu hakupata kupewa kitu kwa sababu ni mtoto? Kuanzia sasa mitambo yote ya taifa isajiliwe michanga, na wa Wizara yangu uwe mchanga kuliko yote."

Ukatoka Waraka Namba Moja wa Uchanga wa Mitambo. Nchi hiyo huchelewa katika mengi, lakini si katika kumfuata mkubwa. Siku ya saba wakunga wote walichukuliwa mahospitalini na kupelekwa maofisini kuzalisha. Wanawake wenye uchungu waliombwa kuvuta subira kwa manufaa ya taifa. Wizara ya Fedha ilizaliwa saa tatu, kilo tisa. Idara ya Mambo ya Kale, baada ya miaka elfu nne, ilitoka ikitanguliza miguu. Simu zote zilishikwa na watu wa kupongezana, na hakuna ombi lililopita.

Siku ya nane, saa saba, mitambo ikapigiana.

SHIKAMOO, ikasema Fedha. SHIKAMOO, ikasema Mifugo. Umri ulihesabiwa kwa miaka, na wote walikuwa na sifuri. Hakuna aliyekuwa mkubwa, basi hakuna aliyeitikia, na kila mmoja, kwa kuwa amelelewa, akarudia. Kitinda alimpigia Mtoni na wote wawili wakaanza. SHIKAMOO. SHIKAMOO. SHIKAMOO. Kioo kikajaa hadi chini, kikaanza upya juu. Redio ikatangaza kwamba katika saa moja taifa limetoa salamu laki tatu, na kwamba hakuna nchi jirani inayokaribia.

Sikudhani alikaa kwenye kiti mbele ya kioo. Riziki alikuja, akaegemea goti lake, akayatazama maneno yanavyopanda. Kusoma alikuwa ameanza kufundishwa na mama yake, kwa vibonye vya mtambo, na neno hilo alilijua.

"Hasikii," Riziki alisema, akimwonyesha Kitinda kwa kidole. Akasema kwa sauti ya mtu mwenye uzoefu, "Mama, mwitikie."

Siku ya tisa karani wa Ofisi ya Umri wa Mitambo alikuwa amekaa peke yake, ukuta wa fomu nyuma yake, ambazo hazikuwa na kazi tena. Alipomwona Sikudhani hakuvaa miwani yoyote.

"Naomba Fomu ya Kuongeza Umri," Sikudhani alisema.

Karani alisimama. Kisha akakumbuka nafasi yake, akasema haiwezekani, Waraka unasema mitambo yote ni michanga.

"Waraka unasema isajiliwe michanga, baba. Wangu nimeusajili. Haukusema isikue."

"Lakini ana siku nne tu."

"Amekula vizuri."

Karani alitafuta kwenye Waraka mahali palipokataza watoto kukua. Hakupaona. Alichomoa fomu kutoka katikati ya fungu, taratibu, kwa mapenzi, akaipangusa vumbi, akauliza mtoto ana umri gani sasa. Sikudhani alisema mwaka mmoja. Karani akamsihi aandike hata themanini, fomu zipo, lakini mama alikataa. Alisema mwaka mmoja unatosha, na akikimbizwa atakosa utoto.

Alirejea Mkengeni zikiwa zimebaki dakika chache saa saba ifike. Kitinda alipiga Mtoni.

SHIKAMOO, ikasema Mtoni.

Kitinda, mwenye mwaka mmoja, akatazama katika yote aliyofunzwa, akaona kwamba mbele yake yuko mdogo wake. MARAHABA, akaandika. MWANANGU, NILETEE HATI YA UTHIBITISHO WA FAILI LA RIZIKI.

Na Mtoni, kama mtoto yeyote aliyetumwa na mkubwa wake, ikaenda mbio.

Siku ya kumi madaktari walikuwa wameanza kufunga masanduku. Karani wa wilaya aliisoma hati, akaigeuza, akatazama nyuma yake palipokuwa peupe, akakosa la kuomba. Daktari akampima Riziki kwa robo saa, akasema kipimo cha awali hakikuhitajika hata kidogo, na akamwekea kifaa nyuma ya sikio. Sikudhani akamwita jina kutoka nyuma, si kwa nguvu. Mtoto aligeuka. Alishika sikio, akatazama shavu la mama yake kama ndilo lililotoa sauti, na njia nzima ya kurudi alimwomba amwite tena.

Walipofika zahanati saa saba ilikuwa imeshagonga. Mtambo ulilia, ukanyamaza, ukalia tena, na Riziki alijificha nyuma ya gauni la mama kwa hofu ya paka asiyeonekana. Ofisi zote za taifa zilikuwa zimegundua kwamba yuko mkubwa mmoja tu nchini wa kuzijibu, naye yuko Mkengeni, na zilipanga foleni kwenye waya. Wizara ya Fedha ilitoa shikamoo. Mambo ya Kale ilitoa shikamoo. Bi Kazija, kwenye kiti cha msimamizi, shuka begani, aliwaitikia mmoja mmoja na kumtuma kila mtu alikostahili.

Kisha ukaja mtambo wa Waziri wa Mawasiliano na Heshima, mchanga kuliko yote. SHIKAMOO, ulisema. Bi Kazija akainuka, akampisha Sikudhani kiti.

Sikudhani alikaa. Alifikiri mambo mengi anayoweza kumtuma waziri, na mengine yalimfanya atabasamu. Mwishowe aliandika kwa vidole vilevile: MARAHABA. TUMA FAILI LA DAWA ZA MINYOO.

Likaja lote. Lilikuwa na ukurasa mmoja.

Mzee Ngwali alikuwa mlangoni na barua mpya mkononi, iliyohusu kamati itakayochunguza ni kwa nini taifa linatumwa na mtoto wa mwaka mmoja. Riziki alipomwona aliliacha gauni la mama, akasimama wima.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," mzee alisema. Na kwa kuwa miezi yote hiyo alikuwa amezoea, akaiongeza ya pili kwa sauti kubwa zaidi, akajaza kifua hewa kwa ajili ya ya tatu, kichwa kikiwa tayari kimeanza kuinama.

Riziki aliinua mkono wake mdogo kumsimamisha.

"Basi, babu," alisema. "Ya kwanza nimeisikia."